Jina Lililokuwa Chini ya Divai

Mtaa wetu wa wafinyanzi hauna siri. Ukigombana na mumeo asubuhi, mchana mwuza zeituni atakuuliza mmefikia wapi, tena atakuwa ameshaamua nani mwenye makosa. Kuta ni za udongo, madirisha yamekaa juu kama masikio, na moshi wa matanuri unaingia kila nyumba bila hodi. Mimi maisha hayo ndiyo niyapendayo. Kazi yangu ni kupiga zumari kwenye karamu za wanaume, zumari mbili kinywani kwa mpigo, na mtu wa kazi hii asipopenda watu na maneno yao atakufa kwa usingizi.

Wakati huo kila mtu aliniita Mthraki. "Mthraki, kesho kutwa kuna ngoma kwa fulani." "Mthraki, punguza mashavu, utapasuka." Nililetwa Athene kutoka Thraki nikiwa mtoto wa kushikwa mkono, na bwana aliyeninunua akaona jina la nchi linatosha. Hata siku aliyoniacha huru, mgonjwa kitandani, aliwaambia mashahidi, "Mthraki huyu sasa ni mtu huru," akageukia ukutani. Jina alilonipa mama yangu ni Zia. Hilo nilikuwa nalo peke yangu, kama mtu mwenye nguo mpya asiye na arusi ya kwenda.

Chumba nilichopanga kilikuwa nyuma ya nyumba ya Kedon mfinyanzi. Karakana yake ilikuwa uani, familia ikikaa juu, na mimi asubuhi nilikuwa nafanyia mazoezi chini ya dirisha lao kwa sababu pana kivuli. Nikianza tu, binti yake anachungulia kusikiliza. Na akichungulia tu, mama yake, Philinna, anapasua koo: "Melitta! Ondoka hapo! Melitta, nimesema ondoka hapo!"

Philinna alikuwa na koo la kuitia meli bandarini. Kwetu jina la binti wa watu halitajwi mbele ya wanaume. Nje yeye ni binti wa Kedon, basi. Lakini kwa koo lile, sisi wanawake wa mtaa wote tulilijua. Mimi nilikuwa nacheka, nafunga zumari zangu, naondoka, maana niliona vibaya kumponza msichana wa watu kwa wimbo.

Sasa Dromon. Dromon alikuwa mchoraji wa vikombe hapo kwa Kedon, mgeni kama mimi, mtu wa haya ambaye ukimsalimu ghafla anachovya brashi kwenye bakuli la uji wake. Jina lake maana yake ni mkimbiaji, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Utani alioupata hapo mtaani sina haja ya kuusimulia.

Alichora karamu tu. Wanaume wamejinyoosha vitandani wameegemea kiwiko, mashada ya maua kichwani, kikombe kimening'inia kidoleni, mbwa chini ya kitanda anangoja mfupa. Kutwa nzima karamu, na yeye mwenyewe hajawahi kualikwa hata moja. Nani amwalike? Basi akawa ananiuliza mimi.

"Mtu akilala hivi," aliniuliza siku moja, "mguu wake wa pili unakwenda wapi?"

"Unakwenda kumpiga teke jirani yake," nikamwambia. "Sogea hapo."

Nikalala kwenye benchi la karakana, nikamwonyesha. Mafundi wakapiga miluzi. Dromon akawa mwekundu kama chungu kilichotoka motoni, lakini akachora, na mguu ule ukakaa vizuri kuliko yote aliyowahi kuchora.

"Wewe unawapendelea," nilimwambia nikikitazama kikombe. "Unawachora kama miungu. Ungewaona wakitapika kwenye viatu vyao!"

"Nitachora na hilo pia, dada."

Na kweli akalichora. Tena kikombe kile kilinunuliwa haraka kuliko vyote.

Ndipo nikapata wazo langu. Kwenye vikombe vile wachoraji walikuwa wanaandika majina ya vijana wa kitajiri: Fulani ni mzuri. Kijana mwenyewe hajawahi hata kuukanyaga mtaa wetu, lakini jina lake limeokwa kwenye udongo, watu watalisoma mpaka kikombe kivunjike. Nikamwambia Dromon, "Mimi ndiye ninayekulalia kwenye mabenchi. Nichore basi mara moja nikipiga zumari, na uniandike jina. Si Mthraki. Jina langu hasa."

Akainama. "Najua si Mthraki," akasema polepole. "Nitakuandika."

Nilifurahi mpaka nikasahau kuuliza analijuaje. Mimi ni msemaji. Nilidhani nilishamwambia siku nyingine katikati ya maneno yangu mengi.

Basi siku hizo Kedon akapata bahati. Autokles, mfanyabiashara wa mafuta ya zeituni, mwenye nyumba upande wa wakubwa, akakubali mwanawe amwoe binti ya Kedon. Mtaa mzima ulijadili. Wengine walisema kijana alimwona msichana kwenye maandamano ya mungu wa kike akibeba kikapu, akarudi nyumbani akakataa chakula. Wengine walisema Autokles anataka mitungi ya mafuta bila usumbufu. Mimi nilisema yote mawili yanaweza kuwa kweli. Lakini kabla ya kukubali, shemeji ya Autokles alikuja mtaani kwetu akijifanya ananunua chungu, akawauliza wanawake kisimani: binti huyu anasimama dirishani? Anajulikana na wanaume? Tukajibu kwa sauti moja kwamba hata sisi hatumjui sura. Mimi niliapa kwa miungu wa nchi mbili.

Kedon alikosa usingizi. Msichana wa mfinyanzi anaingia nyumba kama ile. Neno moja tu baya, ahadi inavunjika, na baada ya hapo hatampata hata mchoma mkaa. Philinna akaziba nusu ya dirisha kwa ubao. Kupitia nusu iliyobaki nilikuwa naona jicho moja la Melitta, linacheka. Alimtaka kijana yule, mtaa wote ulijua.

Autokles akaagiza vikombe vipya kwa ajili ya karamu ya kupeana ahadi. Na Dromon akanichora mimi ndani ya kimoja.

Alinionyesha kabla hakijaingia tanurini. Picha ilikuwa pale chini ndani, kwenye duara, mahali ambapo mnywaji haoni kitu mpaka divai iishe. Mimi nimesimama, mashavu yamejaa, zumari mbili zimepanuka kama miguu ya korongo. Mbele yangu mzee amelala anasikiliza, mdomo wazi. Juu ya kichwa changu, herufi nyekundu zimezunguka kama shada.

Mimi sijui kusoma. "Zote hizo?" nikauliza. Nilitarajia chache tu.

"Na neno 'mzuri' limo," akasema.

Nikajiambia, labda ndivyo Waathene wanavyoandika, wanatumia herufi nyingi kwa jambo dogo. Vikombe vilipotolewa tanurini nilikuwa wa kwanza pale. Nyuma ya picha pamekuwa peusi pa kung'aa, mwili wangu una rangi ya udongo, na jina langu lipo. Nikapitisha kidole juu yake mpaka Kedon akanipokonya.

"Mthraki, utakimaliza kabla hakijanywewa!" akasema, akakifunga kwenye majani makavu. Yeye naye alijua kusoma herufi za jina lake tu, za kutia kwenye mitungi.

Karamu ilianza jua likiwa bado uani. Nimepiga karamu nyingi kubwa kuliko ile, lakini sijapata kuipenda nyingine hivyo: vitanda vimejaa, samaki wa mkunga ananukia, beseni kubwa la kuchanganyia divai na maji limewekwa katikati, na Simalos, ndugu yake Autokles, anasimamia vipimo huku akigombana na kila mtu.

"Maji zaidi," alisema. "Hapa hatunywi kama kwao Thraki. Si kweli, Mthraki? Kwenu mnainywa kavu kavu?"

"Kwetu tunainywa kavu kwa sababu tunaweza kusimama baada yake," nikamjibu. Kitanda kizima kikacheka, na Simalos akacheka kuliko wote. Alikuwa na mdomo, lakini hakuwa mtu mbaya.

Kedon masikini alilazwa mahali pa heshima karibu na Autokles. Alikuwa amejisugua mpaka ngozi imewiva, ila udongo wa kwenye kucha haukutoka, naye akawa anakunja vidole. Hakujua kulala akila. Mguu wake wa pili ulikuwa hauna pa kwenda. Nilitamani Dromon angekuwepo aone. Bwana arusi alikuwa kitanda cha mbele, kijana mwenye masikio makubwa, anakitazama kila kikombe kwa heshima kwa sababu kimetoka nyumba ya msichana wake.

Mimi macho yangu yalikuwa yanatafuta kikombe changu. Nikakiona mkononi mwa Autokles mwenyewe.

Basi nikapiga nyimbo za kunywea, zile za haraka, zinazomfanya mtu asiweke kikombe chini. Autokles akanywa. Divai ikashuka, nikaona miguu yangu. Halafu mtumishi akaja akajaza tena. Nikaongeza mwendo. Akanywa, nikaonekana mpaka magotini. Mtumishi huyo tena na jagi lake! Sijawahi kumchukia mtu mwenye jagi kama siku ile. Nilikuwa nataka divai iishe, asome, aseme kwa kinywa chake mbele ya watu wote: Zia ni mzuri. Mara moja tu. Baada ya hapo waniite wanavyotaka.

Wakaanza mchezo wa kurusha mashapo. Mnaujua: unakunywa mpaka yanabaki mashapo, unapitisha kidole kwenye sikio la kikombe, unayarusha ukilenga kisahani kilichokaa juu ya mti wa shaba, na wakati wa kurusha unataja jina la unayemtaka. Zamu ikamfikia Autokles. Akamaliza divai yake yote.

"Kwa nani, kaka?" Simalos akapiga kelele. "Usitaje mkeo, utatuharibia mchezo!"

"Ngoja," Autokles akasema, anachungulia ndani ya kikombe. "Kumbe kuna mtu humu. Kumbe ni huyu mpiga zumari wetu, tazama mashavu! Na jina ameandikwa. Nitarusha kwa jina lake." Akasogeza kikombe kwenye mwanga. Pumzi yangu ilikatika, zumari zikatoa sauti kama bata.

"Me... lit... ta," akasoma. "Melitta ni mzuri. Haya! Hii ya Melitta!"

Akarusha. Akapata. Kisahani kikaanguka kwa mlio, watu wakashangilia.

Nakumbuka nilifikiria jambo la kijinga. Nilifikiria: amesoma vibaya. Asome tena.

Halafu nikamwona Kedon. Alikuwa amegeuka rangi ya chungu kibichi. Bwana arusi naye aliketi wima, masikio yamewaka moto. Mama yake alishamnong'oneza jina, bila shaka. Na Simalos akasema, tena bila ubaya, kama mtu anayejikuna, "Melitta? Mbona mke wangu aliniambia ndilo jina la..." Akamtazama Kedon. Kelele zikapungua kitanda kwa kitanda, mpaka ukasikia kisahani kinamalizia kuzunguka sakafuni.

Autokles hakuwa mjinga. Aliweka kikombe chini taratibu. "Kedon," akasema. "Kikombe hiki kimetoka kwako."

Kedon akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Na mtu asiye na jibu mahali kama pale ameshahukumiwa. Watu wangeondoka na habari kwamba binti ya mfinyanzi amechorwa na wafanyakazi wa baba yake akipiga zumari mbele ya walevi, jina juu ya kichwa. Kesho mwuza zeituni angekuwa nalo.

Niliwaza lile jicho moja kwenye nusu ya dirisha. Nikawaza pia herufi zangu, na ninasema ukweli, zilinivuta. Zilikuwa zangu. Nilikuwa nimezishika kwa kidole.

Nikashusha zumari. "Nimekuja, baba," nikamwambia Autokles. "Umeniita?"

"Nani amekuita wewe?"

"Si umesema Melitta? Umesema na ni mzuri. Nimesimama hapa nangoja sifa ziendelee, naona mmenyamaza. Mmebadili mawazo?"

Mmoja akacheka, kwa wasiwasi. Simalos akakunja uso. "Wewe si Mthraki?"

"Mthraki ni mtu wa Thraki, bwana. Wewe unaitwa Mwathene nyumbani kwako? Mkeo anakuambia, Mwathene, njoo ule?"

Hapo wakacheka wengi. Lakini Simalos alikuwa mtu wa kung'ang'ania. "Miaka yote unatupigia zumari hapa, sijawahi kusikia unaitwa Melitta."

"Miaka yote nawapigia zumari hapa," nikasema, "umewahi kuniuliza?"

Akafikiri. Niliona anafikiri kwa dhati, anarudi karamu kwa karamu. Nikamgeukia Autokles: "Wewe, baba?" Akatikisa kichwa. "Baba Kedon, wewe ambaye naishi nyuma ya ukuta wako?" Kedon akatikisa kichwa, na hilo halikuwa igizo. Chumba kizima, wanaume ambao nimewashika vichwa wakitapika, hakuna hata mmoja aliyekuwa na jina la kunipinga nalo.

"Nyuki wako wengi katika nchi hii ya Attika," nikasema, maana jina hilo maana yake ni nyuki. "Kama kuna binti mwingine wa heshima mwenye jina kama langu, mimi simjui na wala sitaki kulisikia likitajwa kwenye divai. Nimwombe radhi tu kwamba mimi ndiye niliyechorwa, na mashavu haya."

Nikayajaza mashavu. Autokles akatazama kikombe, akanitazama mimi, akatazama kikombe. Mashavu yalikuwa yaleyale. Dromon alikuwa na mkono mzuri, masikini. Akaanza kucheka, tumbo likimtikisika, akampiga Kedon bega. "Baba arusi, umenitisha! Mjazieni huyu. Melitta, piga!"

Nikapiga. Kedon alikunywa kikombe kile kwa mikono miwili. Bwana arusi alinitazama muda mrefu, na nadhani yeye alielewa.

Asubuhi nilimkuta Dromon kwenye benchi lake. Mtaa ulishamfikishia. Kedon alishampigia kelele, akamtishia kumfukuza, akamwacha, kwa sababu wachoraji wa miguu kama ile hawapatikani.

"Wewe!" nikamwambia. "Melitta ulimtoa wapi?"

"Si ndivyo unavyoitwa?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Kila asubuhi ukianza tu kupiga, Mama Philinna anapiga kelele kutoka juu: Melitta, ondoka hapo! Na wewe unacheka, unafunga zumari, unaondoka. Ningejuaje? Mimi nilidhani anakufukuza wewe."

Nilitaka kumpiga na zumari. Badala yake nikakaa kwenye benchi, kicheko kikanishika mpaka nikashika mbavu, na katikati yake sijui kilivyogeuka, nikawa nalia.

"Ungeniuliza, Dromon. Miaka yote hii."

"Mwanzoni niliona haya," akasema. "Halafu tukazoeana, ikawa nimechelewa. Ningeanzaje? Nitakuchorea kingine. Niambie tu jina."

"Huwezi. Ukinichora tena na jina jingine, Simalos ataleta vikombe viwili akaviweka pamoja. Unamjua alivyo."

Hakuniuliza tena, lakini nilipoinuka nilimwambia sikioni. Nilitaka walau mtu mmoja awe nalo. Akalirudia kimyakimya, midomo tu.

Toka hapo mji mzima uliniita Melitta. Ajabu ni kwamba walilikumbuka. "Melitta, kesho kutwa kwa Simalos!" Kazi iliongezeka, maana kila mtu alitaka yule wa kwenye kikombe. Nami niliitika.

Siku ya arusi, Philinna alinikodi nipige mbele ya wanawake waliokwenda chemchemini kuchota maji ya kumwogeshea bibi arusi. Hakusema kwa nini mimi. Alinipa keki ya ufuta na asali, kubwa kuliko uso wangu, akageuka upesi kabla sijamwona macho. Tulirudi na mtungi, tukapanda juu, chumba cha wanawake, kilichojaa mashangazi na majirani na manukato. Ubao ulikuwa umetolewa dirishani. Bibi arusi aliketi kwenye beseni, nywele zimelowa, na kwa mara ya kwanza nikayaona macho yake yote mawili.

"Sogea, dada," akaniambia chini chini. "Baba alimsimulia mama, nami nikasikia. Umelichukua jina langu ukalibeba wewe. La kwako liko wapi?"

"Lipo."

"Ni lipi?"

Mikono yangu ilikuwa na zumari, sikujua niiweke wapi. "Zia," nikasema.

"Zia," akasema. "Ni zuri." Kisha akawageukia mashangazi bila kushusha sauti, maana pale hapakuwa na mwanamume wa kuogopwa. "Huyu anaitwa Zia. Mpisheni akae karibu nami."

Wakanipisha. Shangazi mmoja akanitia mkononi kikombe cha maji ya asali, nikanywa, nikasahau kabisa kwamba nimeajiriwa. Philinna, aliyekuwa anapigana na mkufu upande wa pili wa chumba, akaona kimya kimezidi, akapasua koo lake lile la bandarini:

"Zia! Mbona umeacha kupiga? Zia! Unasikia, Zia?"

Dirisha lilikuwa wazi. Karakanani chini, mafundi walisikia, na baadaye waliniambia walidhani Philinna amepata mtumishi mpya. Gurudumu la mfinyanzi liliendelea kulia, udongo uliendelea kukandwa. Benchi moja tu lilinyamaza. Nikasikia mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi ikivuka uani, ikasimama chini ya dirisha, hapo penye kivuli changu cha mazoezi.

Nikajaza mashavu.